Ukifuka Laga

Mume wangu Lazarus Mwenda hajawahi kujua kushoto kwake ni wapi, na serikali ikaona huyo ndiye wa kutumwa Bute kutafuta ngamia wa kuchanja. Sisemi kwa kumdharau. Nasema kwa uchovu. Hata hapa Garissa mjini, mtume mkate duka la pili, atarudi kwa njia ya soko la mifugo, na ukimuuliza atasema alikuwa ananyoosha miguu.

Alikuwa afisa wa mifugo. Ujana wake na sehemu kubwa ya utu uzima wake viliishia kule kaskazini mwa Wajir, juu ya pikipiki, sanduku la dawa limefungwa nyuma kwa mpira. Mimi nilikuwa Meru na watoto. Alikuja Krismasi, na kuna Krismasi hakuja, na alipokuja alilala kama mgonjwa, mgongo umekwisha, watoto wakinong'onezana wasimwamshe. Mwishoni ndipo walipomleta ofisi ya Garissa. Nikafunga nyumba nikamfuata, nikafungua kibanda cha vifaa vya simu: chaja, kava, vioo, vishikio. Nilitaka tukae nyumba moja kabla hatujafa. Mwaka huu amestaafu, na tulikuwa katikati ya kufunga mizigo turudi Meru wakati Hamda alipotuma ujumbe.

Hamda ni binti wa Kulow. Na Kulow, bila yeye, Lazarus angekuwa mifupa jangwani. Alikuwa mfugaji wa huko huko, mkubwa kwa Lazarus kwa umri, na ndiye aliyekuwa mkalimani wake, mdhamini wake mbele ya wenye mifugo, na macho yake. Alikaa nyuma ya pikipiki. Akitaka Lazarus akate kushoto, anamgonga bega la kushoto. Kulia, la kulia. Wamezunguka hivyo miaka nenda miaka rudi, hawaongei, upepo unapiga, mmoja anagonga na mwingine anakata. Ofisini wakamwandikia mume wangu barua za sifa kwamba anaijua nchi. Nilizisoma nikacheka hadi nikalia.

Ujumbe wa Hamda ulikuwa wa sauti. Kule wanakokaa hakuna mtandao. Inabidi atembee hadi kwenye kilima fulani karibu na barabara ndipo simu ishike, anatuma yake, anapokea ya wengine, anarudi. Alisema hivi: "Adeer Lazaro, salaam aleykum. Abo ni mgonjwa sana. Ni figo. Tumemrudisha nyumbani, daktari amesema hakuna kitu ingine. Anasema wewe kuja. Anataka samaha yako kabla ya kwenda. Tafadhali, adeer, kuja haraka."

Abo ni baba, adeer ni baba mdogo. Adeer ndivyo Hamda alivyomwita Lazarus tangu akiwa mtoto wa kubebwa. Na mambo ya samaha nayajua, nimekaa na Waislamu wa Garissa vya kutosha. Mtu akiona safari imekaribia anawaita aliokosana nao, hata aliowakosea bila wao kujua, wasameheane, asiende na haki ya mtu shingoni. Si jambo la mchezo kwao. Nilimwona Lazarus ameshika simu, ameikodolea macho kama inadaiwa kusema zaidi.

"Samaha ya nini?" nikamuuliza.

"Sijui."

"Basi mtumie sauti. Sema nimekusamehe, mzee. Hamda atampelekea, amsikilizishe. Maneno mawili tu, Lazarus."

"Mtu hasamehewi kwa simu," akasema. Sijui hiyo sheria aliitoa wapi. Akatoka nje, akaanza kupangusa pikipiki.

Nilimwambia kuna basi la Wajir. Akasema basi litamfikisha Wajir, na gari la kutoka Wajir kwenda Bute hungoja lijae, na likishajaa linaharibika, na kutoka Bute kwenda kwa Kulow hakuna gari kabisa. Hapo alikuwa na haki. Shida ilikuwa moja: pikipiki ipo, mafuta yapo, lakini nyuma hakuna wa kumgonga bega.

Kuanzia hapo nyumba yangu ikageuka karakana. Alianza na simu kwenye usukani. Akaja kibandani kwangu akachagua kishikio kizuri kuliko vyote, cha chuma, akakifunga, akaenda nacho hadi karibu na kizuizi cha barabara ya Dadaab kujaribu. Alirudi amekunja uso. Jua la Garissa lilikipiga kioo hadi hakuona ramani, aliona uso wake mwenyewe. Kisha simu ikaandika kwamba imepata joto kupita kiasi, ikajizima. Nilimwambia hata mimi nimepata joto kupita kiasi na sijizimi. Hakucheka.

Akatoa kile kifaa cha setilaiti ambacho ofisi ilimwachia kwa sababu hakuna mwingine aliyekitaka. Hiki hakiogopi jua wala mtikisiko. Lakini ndani yake kaskazini yote ni karatasi tupu. Kimshale kinatembea, hujui kinatembea wapi. Na kina mwanamke anayesema Kiingereza, anayemwambia arudi alikotoka kila wakati, kwa sauti ya mtu aliyekasirishwa. Nilimsikia Lazarus uani akimwomba radhi. Kweli, nilimsikia kwa masikio yangu.

Ndipo tukamwita Hamze, jirani yetu wa kibanda cha pili, fundi wa simu, mwenye mke na watoto lakini bado anaongea kama yuko Eastleigh. Hamze akaweka kwenye simu ramani ya kufanya kazi bila mtandao, ile ambayo madereva na watu wa misaada wamechora wenyewe njia walizopita. "Mzae, hii iko fiti," akasema. "Kila kinjia cha mbuzi kiko humu." Na kweli vilikuwemo. Lazarus akavaa miwani ya kusomea, akafurahi kidogo kwa mara ya kwanza tangu ujumbe uje. Akaanza kumwonyesha Hamze maisha yake. Hapa Bute. Hapa tulilala. Hapa kwenye visima vya mashariki ndipo ng'ombe walipokuwa wengi, tulikuwa tukienda kila msimu.

"Mlikuwa mnapitia wapi?" Hamze akauliza.

Lazarus akachora kwa kidole. Kutoka Bute kwenda juu, kuzunguka vile vilima vyote vya mawe, kulala njiani, kushuka upande wa pili, visimani.

Hamze akacheka. "Lakini mzae, hiyo ni kuzunguka nyumba yote ndio uingie kwa mlango. Si njia ni hii hapa? Moja kwa moja. Asubuhi unatoka, saa sita unakunywa chai."

Mume wangu aliivuta ramani karibu, akaisukuma mbali, akaivuta tena. Njia ilikuwepo. Imenyooka, imepita tambarare, wala haigusi kilima. Hamze alipoona hakuna anayecheka naye akakumbuka ana mteja, akaondoka.

"Nilimuuliza," Lazarus akaniambia. "Kagendo, nilimuuliza mara nyingi. Mzee, hakuna njia nyingine? Akaniambia hakuna. Kila mwaka ananiambia hakuna." Akashika kiuno chake pale panapomuuma. "Mgongo wangu umeishia kwenye yale mawe."

Hasira za mume wangu hazina kelele. Anakuwa mpole, anakunywa chai, anaosha kikombe mwenyewe. Aliosha vikombe vyote vya nyumba siku ile. Mimi nikamwambia, basi sasa umejua samaha ni ya nini, mtumie sauti mzee afe kwa amani. Akasema hawezi kusamehe kitu ambacho hajaelezwa. Anataka Kulow amwambie ana kwa ana alikuwa anamzungushia nini. Labda alikuwa na mke wa pili huko vilimani. Labda alikuwa anapitia kwa jamaa zake kunywa maziwa, na yeye Lazarus anasubiri juani na sanduku la dawa. Anataka kujua, halafu atasamehe.

Ramani ikapatikana, lakini asiyeiona ni yeye. Miwani ya kusomea na miwani ya vumbi haziwezi kukaa kwenye pua moja. Na hata ramani yenyewe ilijua Bute tu. Nyumba ya Kulow haikuijua, kwa kuwa nyumba ya Kulow huhama. Kwa hiyo mwishowe mpango ukawa hivi, na niseme tu ulikuwa mpango wa watu waliochoka. Kifaa cha setilaiti kikabaki kabatini na yule mama yake mkali. Simu ikakaa kwenye kipochi kifuani kwangu, nje ya jua. Mimi nikakaa nyuma, nikisoma ramani na kumpigia kelele. Na sikioni mwake, chini ya helmeti, kispika kimoja kidogo, cha kusikiliza maelekezo ya Hamda, ambayo alisema atayatuma tukishafika Bute. Nilifunga kibanda. Watu wa nyumbani Meru wakanipigia kuuliza kama nimerukwa na akili, mwanamke wa umri wangu, na hizo barabara, na habari tunazosikia za huko. Niliwaambia nimeshamngoja mume huyu akiwa kaskazini vya kutosha, safari hii sitamngoja.

Safari yenyewe sitaki kuieleza sana. Lami inakuja, inakwenda. Pale isipokuwepo barabara ina makunyanzi kama bati, na kila kunyanzi unalihisi kwenye meno. Vizuizini askari wanatazama vitambulisho, wanatutazama sisi, wanauliza mzee na mama mnaenda wapi. Tunasema kuona mgonjwa. Wanatuachia kwa huruma. Tulilala Habaswein, tukalala Wajir. Wajir nilishuka kwenye pikipiki magoti yakakataa kunyooka, nikaingia kwenye nyumba ya kulala wageni nimejikunja hivyo hivyo, mhudumu akaniletea kiti hadi mlangoni. Lazarus alinikanda miguu hadi yeye akalala ameishika. Kutoka Wajir tukapita Buna, vumbi jekundu, hadi Bute, na Bute watu wakamkumbuka. Daktari, Daktari. Mama mmoja mwenye hoteli, Qali, alitulaza na hakutaka kusikia habari ya kulipwa. Alisema Kulow yu hai, alisikia jana, lakini hali chakula tena.

Alfajiri ujumbe wa Hamda ukaingia. Nilimwekea Lazarus sikioni, halafu nikauweka na mimi nisikie.

"Adeer, kutoka Bute bita shule, endelea tu na hiyo njia kubwa mbaka uone laga. Ukifuka laga, binda kushoto. Fuata miti, miti iko mingi, mbaka uone berkad. Sisi tuko nyuma ya berkad. Abo ako macho. Ameuliza wewe."

Laga ni mto wa mchanga, mkavu mwaka mzima hadi mvua inyeshe mbali ndipo maji yaje. Berkad ni birika lililochimbwa ardhini la kuvunia maji. Hayo tuliyajua. Na mimi, mtu wa soko, nilijua pia kwamba wenyeji wa huku wengi p yao ni b. Nimeulizwa "bawa benki" nikatoa pawabenki bila kufikiri. Nikamfafanulia Lazarus kama mwalimu: bita ni pita, binda ni pinda. Akasema anajua, amekaa huku kabla yangu. "Pita shule. Ukifika laga, pinda kushoto. Fuata miti." Nikasema ndivyo. Tukaondoka.

Laga ilikuwa kavu, mchanga mweupe, mpana. Ukifika laga. Tukafika, tukapinda kushoto, na miti ilikuwepo kweli, mingi, migunga mirefu kando ya mchanga, na chini yake kinjia cha mifugo. Nilifurahi. Nilimpiga mgongoni nikamwambia, unaona? Kinjia kikaendelea na sisi tukaendelea. Miti haikuisha, berkad haikuonekana. Nikasema labda mbele kidogo. Mbele kidogo nikasema labda ile pale. Ilikuwa kichuguu. Ramani haikuwa na la kusema, kidoti chetu kilikuwa peke yake. Jua likapanda. Lazarus akasimamisha, akanywa maji, akasema Hamda hajakosea, huyu mtoto ana akili. Tukaendelea tena, kwa sababu mtu aliyekwenda mbali hivyo hapendi kurudi.

Tulimkuta mwenye ngamia, anaitwa Kerrow, anawateremsha kwenye mchanga. Lazarus akamsalimu kwa Kisomali chake cha chanjo. Nyumba ya Kulow, Kulow babake Hamda. Kerrow akatazama tulikotoka, akasikitika.

"Kulow iko ng'ambo," akasema. "Mbali. Nyinyi mmebita. Ilikuwa mfuke kule kule kwa barabara."

"Tufike wapi?" nikauliza.

"Mfuke. Laga. Fuka." Akaona sielewi. Akainua mkono mmoja ukawa laga, na vidole viwili vya mkono mwingine vikatembea, vikaruka upande wa pili. "Fuka."

Vuka. Ukivuka laga, pinda kushoto. Nilihesabu p zote zilizogeuka b nikajiona mjanja, na v ikapita mbele yetu sote wawili imevaa f. Hamda alisema vizuri, kwa mdomo wake alisema vizuri kabisa. Sisi tulifika mahali pa kuvuka, tukapinda, na saa zote zile tulikuwa tunafuata ukingo usio wetu. Hatukulaumiana. Kulaumiana kunataka nguvu.

Kerrow alitaka kutuonyesha pa kuvukia pale pale, lakini mbele ya macho yetu ngamia wakaanza kurudi nyuma. Nilisikia kwanza, kama lori linalokuja. Mvua ilikuwa imenyesha huko mpakani, upande wa vilima vya Ethiopia. Sisi hatukuona hata wingu. Maji yakaja ya kahawia, yamebeba matawi, yakajaza mchanga wote tuliokuwa tunautazama. Kerrow akatwambia turudi hadi barabarani, huko ni papana na maji hupungua mapema, tungoje. Tukarudi njia yote ile. Barabarani tukakuta maji vilevile, na upande wa pili kabisa, kwa mbali kushoto, nikaona mstari wa berkad, udongo wake umeinuka. Ilikuwa karibu kiasi cha kuudhi.

Tuliketi kando ya maji. Lazarus akachomeka kijiti ukingoni kuona kama yanashuka. Hayakushuka. Nilikuwa na ndizi mbili za Qali zilizopondeka, tukazila. Saa za adhuhuri Lazarus alinyoosha mkono.

"Nipe simu," akasema.

Nikampa. Akabonyeza, akaishika karibu na mdomo. Halafu akasema, "Mzee Kulow. Ni mimi Lazaro. Niko hapa karibu, laga imejaa. Njia ile ya visimani nimeiona. Nimeiona kwa ramani. Sijali. Nimekusamehe, mzee. Ningojee." Akaachilia kidole. Ujumbe ukakaa na ile alama ya saa, hauendi. Mtandao ulikuwa umeishia Bute. Akainua simu juu, akasimama juu ya pikipiki, akatembea hadi kwenye kilima kidogo na kurudi. Alama ikabaki ile ile. Nilitaka kumwambia maneno yale angeyasema kule nyumbani, kabla hata ya kufunga mkanda wa mzigo wa kwanza. Nilimtazama nikaacha.

Maji yaliposhuka hadi magotini hatukungoja tena. Lori la mchanga lililokuwa linangoja nasi likatangulia, watu wake wakatusaidia kuisukuma pikipiki, na tulipotoka upande wa pili suruali zimejaa matope, tukapinda kushoto. Berkad tukaiona papo hapo. Nyuma yake, nyumba za miti na turubai, na nje watu wengi wamekaa chini kwenye mikeka. Watu wengi vile hawaji kumtazama mgonjwa. Lazarus alizima pikipiki mbali, tukaenda kwa miguu.

Walikuwa wamemzika baada ya sala ya adhuhuri. Kwao maiti hangoji. Hamda alitoka kati ya wanawake, amejifunika, macho yamevimba, akamshika Lazarus mkono kwa ncha ya shuka yake, akaanza kulia upya. Tukakalishwa kivulini. Chai ikaja. Lazarus alikishika kikombe asinywe.

"Adeer, alitaka kukuambia mwenyewe," Hamda akasema. "Ameniambia mimi nikuambie kama hujafika. Ile njia ya fisima. Ilikuwa njia ingine, fubi. Abo alikuficha."

"Najua. Nimeiona," Lazarus akasema. "Nataka tu kujua kwa nini."

"Kulikuwa na watu wa bunduki kwa hiyo njia. Si watu wa hapa. Walikuwa wanangoja watu wa bara, watu wa serikali. Mwaka ule wa kwanza walimuua mwalimu hapo. Kila mwaka walikuwa wanarudi. Abo alijua. Akakubitisha kwa mawe."

Lazarus aliweka kikombe chini. Nikaona uso wake unalegea, mtu aliyekuwa amebeba kitu akaambiwa si chake. "Basi alinilinda," akasema. "Samaha ya nini? Huyu mzee alinilinda."

"Hapana, adeer. Yeye alisema hiyo si kulinda." Hamda akanitazama mimi, si yeye. "Alisema angekuambia ukweli, ungeomba uhamisho. Ungeenda nyumbani kwa watoto yako. Na hapa ng'ombe zilikuwa zinakufa, hakuna daktari mwingine anakubali kuja. Kwa hiyo alinyamaza. Alisema, nimemweka mtu wa watu mahali ya kufa, kila mwaka, bila kumuuliza. Akasema samaha ya Lazaro nataka, lakini ya bibi yake ndio nataka zaidi." Akafuta macho, akaniita shangazi kwa lugha yao. "Edo, wewe umemsamehe?"

Lazarus akasema haraka, "Amesamehewa. Sote tumesamehe." Ni rahisi kwake, yeye alikuwa na Kulow. Walikuwa wawili kwenye pikipiki. Mimi nilikuwa na watoto wanaouliza baba anakuja lini. Nilikuwa na redio, kila ikisema kaskazini mashariki nasimama katikati ya nyumba na mwiko mkononi. Kila mwaka nilimwambia aombe uhamisho na kila mwaka akasema kule ni salama, mimi nazunguka na mzee Kulow, hakuna mahali pabaya. Alikuwa ananiambia alichoambiwa. Maisha yangu ya ndoa, mtu mmoja aliyaamua kwa kunyamaza, nyuma ya bega la mume wangu, kwa ajili ya ng'ombe. Na ng'ombe wenyewe walikuwa ng'ombe wa watu maskini, hilo pia nalijua. Nilikuwa nimechoka kuliko nilivyowahi kuchoka, na nilikuwa na hasira na maiti ambaye nilikuwa nimekuja kumsaidia kufa.

Hamda aliuona uso wangu. Akainamisha kichwa.

"Hata yeye alisema una haki," akasema. "Asubuhi alisikia bikibiki. Alikuwa ako macho, tukamkalisha. Akasema, huyo ni Lazaro, ile sauti naijua. Ilikuja mbaka kwa laga. Sisi sote tulisikia, nikatoka nje nisimame muone. Halafu ikageuka, ikaenda mbali, mbali, ikaisha. Abo akasema, amekuja akakataa. Ako na haki. Msimlaumu. Akageuka kwa ukuta. Hakuongea tena."

Lazarus alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, na watu wa mikekani wakageuka kutazama.

Nikasimama. Magoti yaliuma nikasimama hivyo hivyo. Nikamwambia Hamda atupeleke kaburini.

"Edo, kwetu wanawake hawaendi kaburini."

"Nitasimama mbali," nikasema.

Alitupeleka, na mimi nikasimama mbali, kwenye kichaka, kama nilivyoahidi. Lazarus alikwenda hadi kwenye udongo mpya na miiba waliyouzungushia, akavua kofia. Nilingoja aseme. Hakusema. Samaha yangu bado sikuwa nayo, niliitafuta sikuipata, lakini hilo lingine sikuweza kuliacha. Kwa hiyo nikapaza sauti kutoka pale nilipokuwa, kwa Kiswahili, wanaume wote wakisikia.

"Mzee Kulow, ni mke wa Lazaro. Hatukukataa. Tulipotea."